Vanabhojanam, Amla Navami au karamu ya hekalu: ipi ya kushika chini ya mti mtakatifu

Katika mwezi wa Kartika, unaoangukia Oktoba na Novemba, Wahindu wa sehemu nyingi za India hutoka majumbani na majamvi na sufuria zao, wakaenda kuabudu na kula pamoja chini ya mti. Mara nyingi mti huo ni amla, wenye matunda ya mviringo ya rangi ya kijani-njano, makali na machachu, ambayo Watelugu huyaita usiri. Lakini karamu za namna hii hazifanani. Watelugu wa Andhra Pradesh na Telangana wana vanabhojanam, yaani mlo wa msituni. Watu wa kaskazini, kuanzia Rajasthan hadi Bihar, wana Amla Navami. Mahekalu kadhaa ya kusini humtoa mungu wao kwa machela hadi kwenye miti, na umati ukamfuata. Halafu kuna Vat Savitri, ambayo wageni huichanganya na hizi tatu ilhali wanawake wanaoishika hushinda na njaa.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuandaa, au aliyealikwa na hajui anakwenda kwenye nini: mwanafunzi aliye Hyderabad, jirani wa familia ya Kitelugu Dar es Salaam au Nairobi, mpishi aliyepewa kazi ya watu 50. Kwa ufupi:

| | Vanabhojanam | Amla Navami | Karamu ya hekalu | Vat Savitri |
|---|---|---|---|---|
| Siku | Yoyote ya Kartika isiyo ya mfungo | Siku ya 9 ya mwezi unaokua | Hupangwa na hekalu | Mwezi wa Jyeshtha (Mei–Juni) |
| Mti | Amla | Amla | Amla au bustani nzima | Mbaniani (mtini mkubwa wa India) |
| Chakula | Karamu kamili | Mlo wa familia | Mlo wa umma, bila malipo au kwa mchango | Mfungo |
| Mwandaaji | Familia, mtaa, chama | Wanawake wa nyumba | Makuhani na wapishi wa hekalu | Kila mwanamke aliyeolewa |
| Inamfaa | Kundi kubwa lenye watoto | Mwenye nadhiri | Asiyeweza kupika | Mke anayemwombea mumewe |

Anayetaka watu wale, wakae na wafahamiane achukue vanabhojanam. Anayetaka ibada ya mti yenye utaratibu mkali na siku moja tu achukue Amla Navami. Asiye na mpishi aende hekaluni. Kinachoharibu mambo zaidi ni kuchukua siku ya huku na chakula cha kule, na hilo huanzia kwenye kalenda.

Siku

Miezi ya Kihindu hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka. Kuna namna mbili za kuhesabu. Kusini, Maharashtra na Gujarat, mwezi huisha usiku wa giza, kabla mwezi mpya haujaandama. Kaskazini, mwezi huisha mwezi ukiwa mpevu. Matokeo yake, Kartika ya kaskazini huanza wiki mbili kabla ya ile ya kusini na kumalizika wiki mbili mapema. Nusu inayoanza baada ya Diwali na kuishia kwenye mwezi mpevu ni ya wote, na ndani yake ndimo Amla Navami ilimo, kwa hiyo siku hiyo haibishaniwi.

Chukua mwaka 2025. Diwali ilikuwa Oktoba 20. Kartika ya Watelugu ilianza Oktoba 22 na kwisha Novemba 20. Amla Navami iliangukia Oktoba 31, na mwezi mpevu Novemba 5. Hapo mtu wa kaskazini alikuwa amemaliza Kartika yake, wakati Mtelugu alikuwa bado na wiki mbili kamili za kuandaa karamu. Huo ndio wasaa mkubwa wa vanabhojanam: ukikosa wikiendi hii, ijayo ipo.

Si kila siku ndani ya mwezi inafaa kwa kula. Jumatatu za Kartika ni za mungu Shiva, na wengi hufunga hadi nyota zionekane jioni. Siku ya 4 ya mwezi unaokua ni Nagula Chavithi, ya kuwatolea nyoka maziwa kwenye vichuguu, nayo ina mfungo. Siku ya 11, Ekadashi, wenye kuishika hawagusi wali. Mwezi mpevu una mfungo wa mchana na msongamano hekaluni, maana kila nyumba inataka kuwasha taa yenye tambi 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Mwandaaji anayechagua Jumapili bila kutazama panchangam, kalenda ya Kihindu, hujikuta na nusu ya wageni wasiokula. Mwaka 2025 Ekadashi ya nusu inayokua ilishikwa Novemba 1 na wengine Novemba 2, kulingana na madhehebu, yaani Jumamosi na Jumapili zote mbili.

Jumapili ina tatizo jingine dogo. Wazee wengi wa Kitelugu hawali tunda la amla siku hiyo, wala usiku wa siku yoyote. Karamu za Jumapili zipo tele kwa sababu ya kazi na shule, na kula chini ya mti hakukatazwi. Ila achari na dengu za amla zitabaki kwenye sahani za majani za wazee. Ushauri wetu kwa anayeandaa mara ya kwanza ni Jumamosi baada ya mwezi mpevu, akiisha kuhakikisha si Ekadashi ya nusu inayopungua. Makundi makubwa ya mifungo yamekwisha pita, na mahekalu yamepungua watu.

Vanabhojanam ya Watelugu

Watu hufika asubuhi, saa tatu au saa nne. Hufagia chini ya mti, hunyunyiza maji, na wanawake huchora muggu, michoro ya unga wa mchele, mbele ya shina. Shina hupakwa manjano na kumkumu, unga mwekundu wa ibada, kisha picha au sanamu ya mungu Vishnu kwa jina la Damodara huwekwa kwenye mizizi. Kartika ni mwezi wa Shiva na Vishnu kwa pamoja, kwa hiyo lingamu, jiwe la mviringo linalomwakilisha Shiva, ikiwekwa karibu hakuna wa kushangaa. Ibada huanza na Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye hufinyangwa kwa manjano na maji, donge dogo tu. Ndipo hufuata huduma 16 kwa Vishnu: kumkaribisha, kumwosha, kumvika, maua, ubani, taa, chakula, hadi mwisho. Watu huuzunguka mti upande wa kulia, mara tatu kwa uchache, na mzee au kuhani husoma sura ya Kartika Puranam, kitabu cha visa vya mwezi huo, kilichogawanywa sura 30 ili kila siku ya mwezi iwe na yake.

Taa ya siku hiyo hutengenezwa kwa tunda lenyewe. Chagua amla kubwa na ngumu. Kata kipande chembamba chini ili isimame, kisha kata juu na uchimbe kidogo kwa ncha ya kisu. Usilazimishe shimo liwe refu: kokwa ni gumu, na tunda hupasuka vipande sita kufuata mistari yake. Jaza samli iliyoganda, simamisha tambi ya pamba iliyosokotwa kama ua, uwashe. Samli ya kumiminika huvuja pembeni na taa huzimika kabla sala haijaisha. Upepo nao huzima, basi panga taa upande wa shina uliokingwa.

Chakula huliwa baada ya kutolewa kwa mungu, hakiliwi kabla. Hapo pana jambo ambalo wapishi wageni hulisahau: mpishi haonji. Kikionjwa, hakifai tena kutolewa. Chumvi na pilipili basi hupimwa kwa mizani nyumbani, maana hakuna nafasi ya kurekebisha kwa ulimi. Nyama, samaki, mayai na pombe havifiki pale kabisa, na wengi huacha vitunguu maji na vitunguu saumu mwezi mzima. Ladha inayopotea hapo hurudishwa na mvuje, tangawizi na majani ya kari.

Kwa watu 50, kilo 8 za mchele zinatosha mapishi matatu: kilo 3 za pulihora (wali wa ukwaju), kilo 2 za daddojanam (wali wa mtindi), na kilo 3 za wali mweupe wa kulia dengu na mchuzi.

Pulihora ndiyo inayosafiri vizuri kuliko zote, kwa kuwa ukali wa ukwaju na mafuta huilinda isiharibike. Kwa kilo 3: ukwaju gramu 350, mafuta ya ufuta mililita 450, karanga gramu 300, dengu za chana gramu 100, dengu za urad gramu 75, pilipili kavu 30, haradali, majani ya kari, manjano, mvuje, na chumvi gramu 120. Loweka ukwaju, kamua, uchemshe rojo hadi mafuta yajitenge juu. Rojo lisilofika hapo huwa na ladha mbichi na huchachuka mchana. Wali upikwe mkavu, umwagwe kwenye sinia pana na mafuta kidogo na manjano, upoe, ndipo uchanganywe. Ukichanganya ukiwa wa moto, punje huvunjika na kuwa bokoboko.

Daddojanam huharibika kwa sababu moja: mtindi huendelea kuchachuka ndani ya wali wenye joto, na kufika saa saba mchana hauliki. Ponda wali uliopikwa laini na maziwa yaliyochemshwa, lita 1 kwa kila kilo ya mchele, uache upoe, tia vijiko viwili tu vya mtindi. Mtindi uliobaki, lita moja na nusu kwa kilo, ubebwe kwenye chombo chenye barafu na uchanganywe pale pale kabla ya kutolewa.

Garelu, andazi la chumvi lenye tundu katikati, hutaka kupikwa papo hapo, na harufu yake ndiyo inayowaita watoto kutoka michezoni. Kilo 1 ya dengu za urad hutoa kati ya 45 na 50, hivyo kilo 2 na robo zatosha kila mtu apate mbili. Loweka kwa muda wa saa tatu au nne. Zikikaa usiku kucha hunywa mafuta. Saga kwa maji kidogo sana, na chumvi itiwe mwisho, dakika chache kabla ya kukaanga, la sivyo unga hulegea na tundu halishiki.

Dengu za siku hiyo huwa za mbaazi zilizokobolewa, kilo 2, zilizotiwa amla. Chemsha mbaazi hadi ziive kabisa ndipo utie vipande vya amla. Tindikali ya tunda huzuia mbaazi kulainika, na aliyezitia pamoja tangu mwanzo atachochea kuni hadi jioni. Upande wa mto Godavari huongezwa fenesi changa lililokatwakatwa na kupikwa kwa haradali iliyosagwa, au kiazi cha kanda kilichopikwa na nderema. Kitamu huwa payasam: maziwa lita 5, mchele gramu 500, sukari guru kilo 1. Sukari guru ikitiwa kwenye maziwa yanayochemka, maziwa hukatika. Iyeyushe pembeni kwa maji kidogo, uichuje mchanga, na uimimine sufuria ikiwa imeshaepuliwa na joto limepungua.

Sahani ni jani la mgomba, au vistaraku, majani makavu ya moduga yaliyoshonwa pamoja kwa vijiti. Agiza 60 kwa watu 50, maana mengine hupasuka. Jani la mgomba huwekwa ncha nyembamba ikielekea kushoto kwa mlaji. Watu huketi kwa safu, wagawaji hupita, na mlo huanza na dengu na samli, ukaja mchuzi, ukafunga na mtindi. Mkono ni wa kulia, na mtu haondoki safuni kabla wenzake hawajamaliza. Maji yawe lita 5 kwa kila mtu, ya kunywa, kunawa na kuosha vyombo. Lita 250 hizo ndizo waandaaji wengi huzipunja, na kisima cha shambani hakitoshi kila wakati.

Meko yasiwe chini ya mti. Joto huunguza gamba na majani, na mizizi ya amla iliyo karibu na uso wa ardhi hufa bila kuonekana. Weka mafiga angalau mita 5 nje ya kivuli, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Kabla ya hapo tazama juu: moshi wa kuni na wa ubani chini ya mzinga wa nyuki wakubwa wa miambani unaweza kutawanya karamu nzima na kupeleka watu hospitali. Ukiona mzinga, tafuta mti mwingine.

Kuhusu kivuli, usitarajie mengi. Amla ina majani membamba kama manyoya na taji jepesi. Mti mmoja mkubwa hufunika watu kama 15. Kwa kundi la 50, ibada ifanyike chini ya amla na safu za kulia zitandazwe chini ya miembe au miti mingine ya jirani. Mashamba ya matunda ndiyo sehemu bora kwa sababu hiyo, kuliko bustani ya mji yenye amla moja iliyozungushiwa uzio.

Neno moja zito kabla ya kuendelea. Andhra Pradesh na Telangana, vyama vya tabaka vimeifanya vanabhojanam kuwa mkutano wao wa mwaka: kila tabaka na karamu yake, jukwaa, vipaza sauti na wanasiasa mstari wa mbele. Mgeni hupokewa na kulishwa vizuri, lakini mti husahauliwa, na jirani wa tabaka jingine hakualikwa. Mlo huu una maana pale wote wanapoketi safu moja chini. Ukiwa na mialiko miwili, nenda ile ya mtaa, ya jengo la maghorofa au ya wafanyakazi wa sehemu moja.

Amla Navami ya kaskazini

Hii huitwa pia Akshaya Navami, na wema unaofanywa siku hiyo husemwa kuwa hauishi. Kisa chake kinaeleza vizuri kwa nini watu wanakula chini ya amla na si kwingine. Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mke wa Vishnu, alitaka kuwaabudu Vishnu na Shiva kwa wakati mmoja. Tulasi, mrehani mtakatifu, ni ya Vishnu na mti wa bel ni wa Shiva, naye akaona sifa za yote mawili ziko ndani ya amla. Akaiabudu, wakatokea wote wawili, akapika pale pale chini ya mti, akawalisha, naye akala kilichobaki.

Utaratibu wake ni wa wanawake wa nyumba. Huoga alfajiri, humwaga maji na maziwa kidogo kwenye mizizi, hupaka shina kumkumu na manjano, huwasha taa na kuzungusha uzi mbichi wa pamba kwenye shina huku wakitembea, mara 8 au mara 108. Familia hula hapo hapo, na kama kuna kuhani au maskini karibu, hulishwa kwanza. Jani la amla likianguka ndani ya chakula, huhesabiwa baraka na haliondolewi kwa kuchukia. Bihar hutolewa pia sadaka ya boga lile lenye ganda la unga mweupe, na ndani yake watu huficha sarafu ili sadaka iwe ya siri. Kwa jina la boga hilo siku huitwa vilevile Kushmanda Navami. Ayodhya, mahujaji hutembea siku hiyo mzunguko wa kosi 14, kama kilomita 42, na Mathura na Vrindavan nako kuna mzunguko wake.

Ukilinganisha na vanabhojanam, chakula hapa ni chepesi: puri (mikate ya kukaangwa), viazi visivyo na vitunguu, kheer (wali wa maziwa na sukari), labda khichdi (wali uliopikwa na dengu). Mtu mmoja mwenye jiko dogo la gesi anaweza kulisha watu 10. Gharama ni ndogo, matayarisho ya jioni moja yanatosha. Ubaya wake ni siku: haiahirishwi. Ikiangukia siku ya kazi, kama Ijumaa ya Oktoba 31 mwaka 2025, wanaume na watoto hawapo, na karamu hubaki ya akina mama peke yao.

Mti huumia zaidi hapa kuliko kwa Watelugu. Bustani moja yenye amla moja hupokea mamia ya wanawake, kila mmoja na uzi wake. Uzi wa pamba huoza kwa mvua. Uzi wa nailoni unaouzwa siku hizi hauozi, hukaza shina linaponenepa na kukata njia ya chakula cha mti chini ya gamba. Maziwa ya mamia ya vikombe huchachuka kwenye udongo na kuita sisimizi na ukungu. Kijiko kimoja cha maziwa kilichochanganywa na ndoo ya maji kinatosha kwa ibada, na uzi ukatwe baada ya siku chache na mtunzaji wa bustani, bila kisu kugusa gamba.

Maharashtra wana njia ya kati inayostahili kujulikana zaidi: avli bhojan. Huanza siku hiyo hiyo ya 9 na kuruhusiwa hadi mwezi mpevu, kwa hiyo familia hupata takriban juma zima la kuchagua siku. Kwa mtu anayependa ibada ya kaskazini lakini hana likizo, hii ndiyo tunayoipendekeza.

Karamu ya hekalu

Mfano mkubwa ni Tirumala, Andhra Pradesh, ambako uongozi wa hekalu hufanya Kartika Vanabhojanam kila mwaka. Sanamu ya maandamano, Malayappa Swamy, hupelekwa pamoja na wake zake wawili hadi Paruveta Mandapam nje ya mji wa hekalu, hukogeshwa kwa maziwa, mtindi, asali, maji ya dafu na manjano, kisha waumini hulishwa. Pwani ya Karnataka, mahekalu ya Wagaud Saraswat, jamii ya Wabrahmini, nayo humtoa mungu kwenda bustanini, na makuhani huwasha moto wa sadaka kwa heshima ya amla kabla ya mlo wa umma.

Faida zake ni wazi: huna cha kupika, ibada hufanywa na waliosomea, na chakula hupikwa na watu waliozoea kulisha maelfu. Hasara ni kwamba wewe ni mtazamaji. Foleni ni ndefu, mlo huliwa upesi ili safu nyingine iketi, na watoto hawana pa kucheza. Mvua ikija, sherehe huhamishiwa ukumbini na mti haupo tena. Mgeni asiye Mhindu aulize mapema: penye bustani wazi hakuna shida, ila ndani ya mahekalu mengine kuna masharti ya kuingia, na Tirumala mgeni wa dini nyingine hutakiwa kuandika tamko la imani kabla ya kumwona mungu.

Vat Savitri, ili usikosee

Mti hapa ni mbaniani, na mwezi ni Jyeshtha. Kaskazini, Bihar na Odisha huishika usiku wa giza wa mwezi huo. Maharashtra na Gujarat huingoja hadi mwezi mpevu, wiki mbili baadaye. Mwaka 2025 zilikuwa Mei 26 na Juni 10. Wanawake walioolewa hufunga, huzungusha uzi mara 7 au 108, husikiliza kisa cha Savitri aliyemrudisha mumewe Satyavan kutoka kwa mungu wa mauti, na hutoa maembe na fenesi. Ukialikwa, usipeleke sufuria ya chakula. Peleka matunda, nayo yataliwa mfungo ukifunguliwa. Mijini matawi ya mbaniani hukatwa na kuuzwa sokoni ili watu waabudu nyumbani, jambo linalojeruhi mti ule ule unaoombewa maisha marefu. Ni heri kutembea hadi ulipo mti ulio hai.

Kwa aliye Afrika Mashariki

Wahindu wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda asili yao ni Gujarat. Kartika yao huanza na Annakut hekaluni, ule mlima wa vyakula unaopangwa mbele ya mungu baada ya Diwali, na Tulsi Vivah, arusi ya tulasi, siku chache baadaye. Mwaliko wa kula chini ya amla hutoka zaidi kwa Watelugu, na kwa kiasi fulani kwa Wamarathi na watu wa kaskazini. Usimuulize jirani wa Kigujarati vanabhojanam yake ni lini ukategemea ajue.

Tatizo la kwanza ni mti. Pasipo na amla, mche kwenye chungu unatosha, na tawi la amla lililochomekwa kwenye chungu cha tulasi lina mila nyuma yake: ndivyo Watelugu wanavyofanya nyumbani siku ya 12 ya mwezi unaokua, wanapomwoza Tulasi kwa Vishnu. Chungu hicho kiwekwe chini ya mwembe au mkungu wenye kivuli, ibada ielekezwe kwenye tawi, watu wale chini ya mti mkubwa. Matunda ya amla ya barafu kutoka maduka ya Kihindi yanafaa kwa dengu na achari, lakini hayafai kwa taa: yakiyeyuka hulainika na kuinama. Kwa taa tumia udongo.

La pili ni mvua. Kartika huangukia vuli, hivyo Dar es Salaam na Nairobi mtu apange kwa kudhani itanyesha. Hema liwe limefungwa tangu asubuhi, kuni ziwe zimefunikwa au kuwe na jiko la gesi la akiba, na garelu zikaangwe chini ya paa, kwani tone la mvua kwenye mafuta ya moto huruka usoni. Ibada itangulizwe saa tatu asubuhi badala ya saa tano. Majamvi yawe ya plastiki chini, ya ukili juu. Majani ya mgomba hapa ni rahisi kupatikana kuliko Hyderabad; yakatwe jioni ya kuamkia siku yenyewe, yafutwe kwa kitambaa chenye maji, na mshipa wa kati upitishwe juu ya moto kidogo ili yasipasuke yakikunjwa.

Mlo ukiisha, majani yote huenda kwa ng'ombe au shimo la mbolea, majivu ya kuni hukaa mbali na shina hadi yapoe, na maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni na mafuta humwagwa nje ya kivuli cha mti, si kwenye mizizi.